Jack Bruce Baada ya Cream

Usiku wa tarehe 26 Novemba 1968, katika ukumbi wa Royal Albert Hall mjini London, vijana watatu waliojiita Cream waliwapigia wapenzi wao muziki wa kuagana, wakaweka vyombo vyao chini ilhali sifa zao zingali kileleni na santuri zao zingali zikinunuliwa Ulaya na Marekani kwa wingi wa kustaajabisha, kisha kila mmoja akashika njia yake. Mpiga gita alikuwa Eric Clapton. Mpiga ngoma alikuwa Ginger Baker. Na wa tatu, aliyeimba sehemu kubwa ya nyimbo za kundi lile na kutunga mahadhi ya zile zilizovuma kuliko nyingine, alikuwa Jack Bruce, mpiga besi, Mskoti wa umri wa miaka 25. Waandishi wengi wa habari za muziki wa roki wamekifunga kitabu cha Jack Bruce usiku ule, wakaongeza kurasa mbili tatu za mwisho kuhusu maradhi yake na kifo chake, kana kwamba miaka 46 aliyoishi baadaye ilikuwa kivuli cha miaka miwili na miezi michache ya Cream. Nia yangu ni kuisimulia miaka hiyo 46, kwa sababu naamini kwa dhati ya moyo wangu kwamba kazi kubwa ya mtu huyu ni ile aliyoifanya kwa jina lake mwenyewe, na kwamba dunia iliyomshangilia kwa nyimbo tatu au nne ilimnyima sikio kwa nyingine nyingi zilizozidi hizo kwa ustadi na kwa hisia.

Alizaliwa tarehe 14 Mei 1943 huko Bishopbriggs, pembezoni mwa mji wa Glasgow, katika nyumba ya watu wa kazi waliopenda muziki na waliokuwa na msimamo mkali wa kutetea haki za wafanyakazi. Wazazi wake walihamahama, hata wakavuka bahari na kukaa Kanada na Marekani kwa muda, na mtoto akapita katika shule 14, kwa hesabu aliyozoea kuitaja mwenyewe, kabla ya kumalizia Bellahouston Academy mjini Glasgow. Mtoto anayebadilishiwa shule kila mara hapati marafiki wa kudumu. Yeye alikuwa na sauti yake, sauti nyembamba ya mvulana aliyeimba katika kwaya na katika mashindano, na baadaye akawa na selo, ala iliyompatia msaada wa masomo katika chuo kikuu cha muziki cha Uskoti, ajifunze kuipiga na ajifunze utunzi. Msomaji wa pwani hana haja ya kuelezwa kwa kirefu selo ni nini, wala ndugu yake mkubwa, besi ya kusimama, kwa kuwa vyote viwili vimekaa miaka mingi katika safu za vikundi vya taarabu vya Unguja kama Nadi Ikhwan Safaa, na wanaoipenda taarabu wanajua jinsi sauti nzito ya chini inavyoweza kuubeba wimbo mzima bila ya kutajwa na mtu.

Walimu wa chuo walipogundua kwamba mwanafunzi wao hupiga besi ya kusimama katika bendi ya jazi nyakati za usiku ili apate fedha za matumizi, walimpa hiari ya moja katika mawili: aache jazi au aache chuo. Akaacha chuo, angali kijana mdogo, akaenda kutafuta riziki katika bendi za safari, moja ikamfikisha mpaka Italia. Hakuyamaliza masomo, lakini aliondoka na Johann Sebastian Bach, na maisha yake yote hakuchoka kusema kwamba Bach ndiye bingwa wa watunzi wa sauti za besi. Jambo hili si dogo katika historia hii. Katika muziki wa dansi na wa roki wa siku zile, besi ilikuwa msingi wa nyumba: hapana nyumba pasipo msingi, lakini hapana mgeni anayekaribishwa kuja kuutazama. Katika tungo za Bach, sauti ya chini haikuwekwa hivyo; ina mwendo wake, hupanda wakati sauti ya juu inaposhuka, huuliza na hujibu, na ukiitenga ukaisikiliza peke yake utakuta ni wimbo mzima. Kijana aliyejifunza hivyo angewezaje kuridhika na kurudia noti mbili mpaka asubuhi?

Mwaka 1962 alifika London, akaingia katika Blues Incorporated, bendi ya Alexis Korner, iliyokuwa chuo cha vijana wa Kiingereza waliotaka kupiga muziki wa bluzi wa Wamarekani weusi. Mwaka uliofuata akatoka pamoja na Graham Bond, mpiga kinanda na saksafoni, na Ginger Baker, wakawa na mpiga gita aliyeitwa John McLaughlin, ambaye jina lake litarudi tena. Baadaye akaja Dick Heckstall-Smith na saksafoni zake. Hata hapo Bruce alikuwa bado mtu wa besi ya kusimama, na alikuwa akilidharau gita la besi la umeme kama wapiga jazi wengi walivyolidharau. Siku moja akaitwa studio kupiga pamoja na Ernest Ranglin, mpiga gita mashuhuri wa Jamaika, na kazi ile ikahitaji lile gita la umeme. Akaliazima, akalijaribu, na papo hapo akaona kwamba lina sauti ya kushindana na ngoma na kwamba vidole vyake vinakwenda mbio juu yake kuliko vilivyopata kwenda juu ya ile ala kubwa. Aliwapenda Charles Mingus katika jazi na James Jamerson, mpiga besi wa nyimbo za Motown kule Detroit, na kutoka kwa watu hawa wawili pamoja na Bach akajitengenezea mtindo ambao haukuwa wa yeyote kati yao.

Mtindo huo ulimtia matatani. Baker aliona kuwa besi ya mwenzake ina maneno mengi mno, na ugomvi wao, uliopata kufika hata kwenye ngumi jukwaani, uliishia mwaka 1965 kwa Baker kumfukuza katika bendi. Bruce alisimulia kwamba aliendelea kuja kazini mpaka siku aliyotishwa kwa kisu. Alipita kwa John Mayall, ambako alikutana na Clapton, akapita kwa Manfred Mann, ambako besi yake imo katika wimbo wa Pretty Flamingo ulioshika nafasi ya kwanza Uingereza mwaka 1966, na mwaka huohuo Baker, aliyetaka kuunda bendi na Clapton, akaambiwa na Clapton kwamba mpiga besi awe Jack Bruce. Baker akalazimika kwenda kumwomba yule aliyemfukuza.

Habari za Cream zimeandikwa na wengi, nami nitazipita upesi. Linalotuhusu ni kwamba katika bendi ile Bruce alipata mambo matatu. La kwanza ni Pete Brown, mshairi wa London, aliyeletwa amwandikie Baker maneno, lakini kalamu yake ikaafikiana na piano ya Bruce, na urafiki wao ukazaa nyimbo kwa zaidi ya miaka 40. La pili ni uhuru wa kupiga besi kama gita la kuongoza: alitumia gita fupi la Gibson lenye nyuzi nyepesi, akawa anazivuta nyuzi kwa vidole kama wapiga bluzi wanavyofanya, na sauti ikapanda na kulia. La tatu ni fedha na jina, na haya mawili ndiyo yaliyomwezesha kufanya asichoweza kukifanya kabla yake, nayo pia ndiyo yaliyomfunga, maana kila alipopanda jukwaani tangu siku ile, wasikilizaji walidai White Room na Sunshine of Your Love.

Hata kabla Cream haijavunjika alikuwa amekwisha kuanza. Mwezi Agosti 1968, baada ya miezi mingi ya kupiga kwa kelele za kuziba masikio katika viwanja na kumbi za Marekani, aliingia studio mjini London na besi yake ya zamani ya kusimama, pamoja na Heckstall-Smith na mpiga ngoma Jon Hiseman, kupiga jazi tupu isiyo na mwimbaji. McLaughlin, aliyekuwa na dhiki ya fedha na aliyetamani kwenda Marekani kujiunga na mpiga ngoma Tony Williams, aliongezwa kundini, na Bruce alieleza baadaye kwamba ujira ule ulikusudiwa kumsaidia nauli. Baadhi ya tungo zilikuwa zile alizozibuni tangu utotoni. Santuri hiyo, Things We Like, haikutolewa mpaka mwaka 1970, kwa sababu wafanyabiashara hawakujua wamuuzie nani. Mtu aliyekuwa nyota wa roki alikuwa amewaletea kazi isiyo na gita la besi la umeme, isiyo na sauti yake ya kuimba, wala isiyo na wimbo hata mmoja wa kukariri. Mimi naiona kuwa ni tamko: ndivyo alivyotaka kufahamika, kama mwanamuziki kamili.

Kwa hiyo iliyowafikia watu kwanza ni ile aliyoirekodi ya pili, Songs for a Tailor, iliyotoka mwaka 1969. Fundi wa nguo anayetajwa katika jina hilo ni Jeannie Franklyn, binti wa California aliyewashonea Cream mavazi yao, aliyefariki mwezi Mei mwaka ule katika ajali ya gari lililowachukua wanamuziki wa bendi ya Fairport Convention. Barua yake ilimfikia Bruce siku ileile aliyokufa, na ndani yake alikuwa amemwomba amwimbie noti za juu. Msimamizi wa kazi alikuwa Felix Pappalardi, aliyewasimamia Cream. Baadhi ya nyimbo zilizomo, kama vile The Clearout na Weird of Hermiston, zilikuwa zimejaribiwa na Cream mwaka 1967 na kuachwa, na anayezisikiliza leo anaweza kuona mara moja kwa nini: zina miondoko isiyokaa pamoja na bluzi, hubadili njia katikati ya ubeti, na sauti za chini hazitulii mahali pamoja mpaka sikio lizizoee. Wimbo wa kwanza una tarumbeta na saksafoni za nguvu, na gita lake limepigwa na George Harrison wa Beatles kwa jina la kujificha. Wa Rope Ladder to the Moon una selo aliyoipiga Bruce mwenyewe, na hapo elimu ya Glasgow, aliyoiacha kwa hasira, ikamrudia katika wimbo wa roki.

Ulio bora katika santuri ile, kwa maoni yangu, ni Theme for an Imaginary Western. Pete Brown alipoyaandika maneno yake aliwakumbuka wanamuziki wa siku za Graham Bond, wakisafiri usiku kwa gari bovu kutoka mji hata mji, akawavika mavazi ya wahamiaji wa Marekani waliokwenda magharibi kutafuta makazi. Na Bruce akaupa wimbo ule lahani ya taratibu, yenye heba, inayopanda kwa piano na kinanda huku besi ikitembea chini yake kwa hatua ambazo hakuna anayeweza kuzitabiri na ambazo, zikishapita, hakuna anayeweza kudhani zingekuwa nyingine. Pappalardi aliupenda hata akauchukua kwa bendi yake ya Mountain, na watu wa Mountain wakaupiga katika tamasha la Woodstock mwezi Agosti 1969; na kwa kuwa wao walivuma Marekani, Wamarekani wengi waliujua wimbo huo kwa sauti ya Pappalardi bila ya kumjua aliyeutunga. Santuri yenyewe ilifika nafasi ya sita Uingereza. Hapana nyingine yenye jina la Bruce peke yake iliyopata kufika hapo tena, na alikuwa na umri wa miaka 26.

Angeweza wakati ule kuunda bendi ya kufanana na Cream, akajaza viwanja. Hakufanya hivyo. Alinunua kisiwa kidogo cha Sanda, karibu na ncha ya rasi ya Kintyre huko Uskoti, akawa akienda huko kupumzika. Mapema mwaka 1970 alizunguka Marekani na mpiga gita wa jazi Larry Coryell pamoja na Mitch Mitchell, aliyekuwa mpiga ngoma wa Jimi Hendrix. Kisha akakubali kuwa mtu wa nne katika Lifetime, bendi ya Tony Williams, pamoja na rafiki yake McLaughlin na mpiga kinanda Larry Young. Nyota aliyezoea kuimba mbele ya maelfu akawa mpiga besi tu nyuma ya Mmarekani mweusi wa miaka 24, katika bendi iliyochanganya jazi na umeme kwa ukali uliowafukuza wapenzi wa jazi na wapenzi wa roki kwa pamoja. Mpaka uzeeni Bruce aliikumbuka bendi ile kama moja ya fahari zake kubwa. Wakati huohuo aliimba na kupiga besi katika Escalator over the Hill, kazi ndefu ya Carla Bley na mshairi Paul Haines iliyotoka mwaka 1971 kwa santuri tatu, na kwa njia hiyo akaingia katika jamii ya watunzi wa New York waliomtambua kuwa mwenzao.

Katikati ya shughuli hizo alitunga Harmony Row, na hapa naomba niruhusiwe kukaa kidogo. Jina ni la mtaa wa Govan, Glasgow, mtaa wa nyumba za wafanyakazi, karibu na alikokulia. Waliopiga ni watatu tu, yeye na Chris Spedding wa gita na John Marshall wa ngoma, lakini Bruce alijipigia piano, kinanda, harmoniamu na selo, akavipanga juu ya besi yake tabaka kwa tabaka. Nyimbo ni fupi, moja ni piano na sauti tu na yaisha kabla msikilizaji hajaketi vizuri. Nyingine, The Consul at Sunset, inamkumbuka balozi mlevi wa riwaya ya Malcolm Lowry na inakwenda kwa mahadhi ya Kilatini yenye huzuni. Sauti za vyombo hukutana mahali pasipotarajiwa, zikaachana, zikakutana tena. Mtu aliyelelewa kwa bluzi ya hatua tatu anaweza kudhani mtunzi amepotea, mpaka asikilize mara ya tatu au ya nne na kuona kwamba njia ilijulikana tangu mwanzo, na aliyeijua ni besi. Mwenyewe aliihesabu miongoni mwa kazi alizozipenda kuliko zote. Ilitolewa mwaka 1971, na haikuingia katika orodha ya zinazouzwa sana, Uingereza wala Marekani.

Yaliyofuata hayapendezi kusimulia, lakini historia isiyosema kweli si historia. Pengine ni kuvunjika moyo, pengine ni haja ya fedha, pengine ni yote mawili: mwaka 1972 aliungana na Leslie West na Corky Laing, waliotoka Mountain, wakaunda bendi ya watu watatu yenye kelele nyingi na fedha nyingi, na katika bendi hiyo heroini, iliyokwisha kuingia maishani mwake, ikamshika barabara. Walitoa santuri mbili za studio na moja ya jukwaani, wakatawanyika. Mwezi Mei 1974 Graham Bond, aliyemfungulia mlango wa London, alikufa chini ya treni. Mwaka huohuo Bruce alitoa Out of the Storm, ambayo jina lake linasema habari zake, na ndani yake zimo nyimbo nzuri zilizoimbwa na mtu anayejua kwamba amezama. Mwaka 1975 alikusanya bendi ambayo kwa majina haikuwa na mfano: Mick Taylor, aliyekuwa amewaacha Rolling Stones miezi michache tu kabla yake, na Carla Bley kwenye kinanda. Bendi ile ilizunguka Ulaya na kuvunjika bila ya kurekodi studio. Onyesho lake la Manchester lilikuja kuuzwa mwaka 2003, watu wakajua walichokosa.

Kisa cha Jet Set Jewel chanitia uchungu zaidi ya hicho. Mwaka 1977 alitoa How's Tricks, akiwa na vijana hodari, Tony Hymas wa vinanda na Simon Phillips wa ngoma, kisha mwaka uliofuata akaipelekea kampuni yake ya santuri kazi nyingine. Kampuni, iliyokuwa ya Robert Stigwood, yuleyule aliyekuwa meneja wa Cream, ilikuwa siku zile ikivuna mali ya ajabu kutokana na nyimbo za disko. Ikaona kazi ya Bruce haina soko, ikaikataa, na mkataba ukakoma. Kazi ile ikalala kabatini miaka 25. Mtunzi aliyekataliwa shairi aweza kulisoma barazani kwa rafiki zake. Mwanamuziki wa santuri akikataliwa, sauti yake hufungiwa, na haki ya kuifungua si yake.

Miaka ya 1980 alipiga kwa watu wengi na kwa kampuni nyingi. Alirekodi na Billy Cobham, mpiga ngoma bingwa wa jazi, akarekodi mara mbili na mpiga gita Robin Trower, akahamia Ujerumani kwa muda, akaoa tena, akapambana na uraibu wake mpaka akaushinda. Lakini lililomfaa zaidi ni kukutana na Kip Hanrahan, mtunzi na msimamizi wa rekodi wa New York, aliyemweka mbele ya wapiga ngoma wa asili ya Kuba na Puerto Rico na kumwomba aimbe kwa sauti ya chini, karibu na kunong'ona. Muziki wa Kuba una besi isiyokubali kukanyaga pigo la kwanza. Hulitangulia au hulichelewesha, na ngoma hujaza pengo. Bruce, aliyefukuzwa zamani kwa kosa la kutokaa mahali pamoja, aliingia ndani ya muziki ule kama aliyezaliwa nao. Siku zile alikuwa amekwisha kuhamia gita la besi lisilo na vile vipande vya chuma shingoni vinavyogawa noti, hivi kwamba kidole kiliteleza juu ya uzi kama kinavyoteleza juu ya uzi wa selo, na sauti yake ikapata ule mlio wa kuimba unaomtambulisha mara moja.

Tarehe 2 na 3 Novemba 1993, mjini Cologne, Ujerumani, alisherehekea miaka 50 ya umri wake kwa maonyesho mawili aliyowaalikia rafiki zake wa nyakati zote: Heckstall-Smith, Pete Brown, Clem Clempson, Gary Moore, hata Ginger Baker. Santuri ya maonyesho hayo, Cities of the Heart, ni mlango mzuri kwa mgeni, maana huanzia jazi na kupita katika nyimbo zake za binafsi kabla ya kufika kwenye zile za Cream. Kutoka maonyesho yale ikazaliwa bendi ya Bruce, Baker na Moore, iliyotoa santuri moja mwaka 1994 na kumalizika kwa magomvi, kama ilivyotarajiwa. Mwaka uliofuata akatoa kazi kinyume kabisa cha hiyo, Monkjack, piano na sauti yake, na Bernie Worrell pembeni kwenye kinanda. Hakuna besi ndani yake, na bado mpiga besi husikika: ni mkono wa kushoto wa piano, unaotembea vilevile, ukiuliza na kujibu.

Mwaka 1997 mwanawe Jo, mpiga vinanda wa Afro Celt Sound System, alifariki kwa pumu. Sitathubutu kueleza huzuni ya baba. Miaka minne ikapita bila santuri mpya ya jina lake, kisha mwaka 2001 ikatoka Shadows in the Air, aliyoisimamia na Hanrahan, na hapo wapiga ngoma wa Kilatini wakaingia hata ndani ya White Room na Sunshine of Your Love, Clapton mwenyewe akipiga gita. Wako waliosikitika kuona nyimbo hizo zimeguswa. Mimi nafurahi, kwa sababu ni mara ya kwanza Bruce alizichukua nyimbo zilizomfunga akazilazimisha zije kwake, katika muziki aliokuwa akiuishi wakati huo.

Mwaka 2003, mwaka ilipotoka santuri ya More Jack than God na mwaka ambao Jet Set Jewel ilifunguliwa hatimaye, madaktari waligundua saratani katika ini lake. Mwezi Septemba aliwekewa ini jingine. Mwili ukalikataa, akalala siku nyingi baina ya uhai na mauti, akapona. Mwezi Mei 2005 alisimama tena na Clapton na Baker katika Royal Albert Hall kwa usiku nne, na mwezi Oktoba kwa usiku tatu katika Madison Square Garden, New York. Magazeti ya dunia yalijaa habari hizo. Yalikuwa magazeti machache yaliyotaja alivyorudi baadaye kwa Robin Trower wakatoa Seven Moons mwaka 2008, au alivyoungana na Cindy Blackman Santana, Vernon Reid na John Medeski katika Spectrum Road, bendi iliyoundwa kumkumbuka Tony Williams, ambayo santuri yake ilitoka mwaka 2012. Ukumbusho ule ulikuwa wajibu wa heshima: Williams alikuwa amefariki tangu 1997, na deni la Lifetime halikuwa limelipwa na mtu.

Ya mwisho ni Silver Rails, iliyorekodiwa katika studio za Abbey Road na kutolewa mwezi Machi 2014, yeye akikaribia miaka 71, miaka 11 baada ya ile ya kabla yake. Maneno mengi ni ya Pete Brown. Mwanawe Malcolm yumo. Trower yumo, na Phil Manzanera, na Cindy Blackman Santana. Sauti imekwaruza, haifiki tena zile noti za juu alizoombwa na Jeannie Franklyn, lakini besi ina nguvu zake zote, na wimbo wa Keep It Down, aliouchukua kutoka Out of the Storm na kuurekodi upya, unaonyesha alivyokuwa amebadilika: kijana aliyeuimba akizama na mzee aliyeuimba akiwa ng'ambo si mtu mmoja. Alifariki nyumbani kwake Suffolk tarehe 25 Oktoba mwaka huohuo, kwa maradhi ya ini.

Anayetaka kumjua kwa sikio lake mwenyewe, nami namsihi atake, na aanze na Harmony Row, aisikilize mara nne kabla ya kutoa hukumu; kisha Songs for a Tailor, kisha Things We Like, kisha apige hatua mpaka Monkjack na Shadows in the Air, na akipata nafasi atafute Jet Set Jewel aone ni kitu gani kilichofungiwa miaka 25. Cream aiweke mwisho, na atakapofika huko aifuate besi peke yake toka mwanzo wa wimbo mpaka mwisho wake.